Kairo: Piramidi Ziache Zingoje

Bila shaka mnaukumbuka ule mjadala wa chama chetu mwaka jana. Nilisimama kidete nikatangaza kwamba mtu akijaliwa kufika Kairo mara ya kwanza, sharti aanzie Giza kuziona piramidi, na asiyefanya hivyo heri angebaki kwao. Mlinipigia makofi ukumbi mzima. Leo nimekuja kuyarudisha makofi hayo.

Likizo ya Desemba 2025, mimi na mama tulifunga safari hadi Misri kumtembelea kaka yangu anayesoma Al-Azhar. Miaka minne mama alikuwa hajamtia machoni. Nauli ilitokana na ng'ombe watatu pamoja na mkopo wa chama cha akina mama pale kwetu Mumias, kwa hivyo haikuwa safari ya mchezo. Tulikuwa na siku nne tu, nami nilikuwa nimezipanga zote daftarini. Siku ya kwanza: Giza. Kaka naye alikuwa amekwisha kupatana na mwenye teksi.

Asubuhi mama akasema, "Baba, mimi sikuja kuona mawe. Nipeleke unakolala."

Kaka akababaika. Ati ni mbali, ati tungeenda siku ya mwisho. Mama akamtazama tu. Teksi ikaachwa.

Kaka anaishi mtaa wa Nasr City, ghorofa ya saba, na lifti ilikuwa mbovu. Chumba kimoja, wanafunzi wanne: yeye, Watanzania wawili na Mganda mmoja. Magodoro yalikuwa chini, na kila mtu blanketi moja jembamba kama leso. Kwa simu alikuwa akituambia kila kitu ni shwari! Sisi wa huku hudhani Misri ni jua na mchanga basi, kumbe usiku wa Desemba baridi ya Kairo hushuka hadi nyuzi kumi hivi, na upenyo wa dirisha hauna huruma. Mama hakusema neno. Alilikunja lile blanketi taratibu, akaliweka mahali pake, akauliza soko liko wapi.

Basi ziara yangu ya Kairo ikaanzia sokoni, nami nimenuna, sitaki kudanganya. Tulipanda treni ya chini ya ardhi, ambayo ilipoanza mwaka 1987 ilikuwa ya kwanza barani Afrika. Ina mabehewa ya wanawake peke yao; mimi na mama tukaingia humo, kaka akaenda kwingine. Tukashukia Ataba, tukafuata njia ya Muski. Wacha! Gikomba mnaijua? Basi hiyo ni Gikomba iliyobanwa kati ya kuta mbili. Vitambaa, sufuria, mikokoteni, watu bega kwa bega.

Hapo ndipo mama yangu, ambaye hajui Kiarabu cha mazungumzo, alipotuacha vinywa wazi. Muuza soksi alitaja bei kwa Kiarabu. Mama akasikia "sitini". Akajibu, "Arobaini!" Mwenye duka akaangua kicheko, wakakutana hamsini. Lakini wale wenzangu mnaoshikilia kwamba Kiswahili ni Kiarabu kitupu, mngemwona alipotaka jozi tano. Tano? Jamaa alikodoa macho hadi mama alipoinua vidole. Na aliposema "tafadhali" ili apunguziwe bei ya blanketi, jamaa akanyosha mkono apokee, kwani neno linalofanana na hilo kwao husemwa na anayetoa au anayekaribisha. Somo hilo la Kiswahili sijawahi kulipata darasani, walimu wetu mnisamehe.

Tulitoka na mablanketi manne mazito. Mama alikataa katakata kumnunulia kaka peke yake, na wale watatu je?

Njia ile ya Muski inaishia Khan el-Khalili, soko lililoanzishwa mwaka 1382, na ng'ambo ya barabara ndipo ulipo msikiti wenyewe wa Al-Azhar, ulioanza kujengwa mwaka 970. Tulivua viatu, tukaketi uani pamoja na furushi letu. Makelele yote ya mji yalibaki nje. Mama akamwambia kaka, polepole, asimfiche jambo tena. Kaka akainamisha kichwa. Hapo hasira zangu za Giza zikaniisha.

Piramidi tuliziona siku ya tatu. Ni kubwa kuliko picha yoyote ya vitabuni. Ile ya Khufu peke yake yasemekana ina mawe yapata milioni mbili na zaidi. Ngamia nao wapo, ila jihadhari: wako wanaokutajia bei ya kupanda, na ya kushuka wakakutajia ukiwa juu. Jumba jipya la makumbusho lililofunguliwa rasmi Novemba 2025, lenye hazina za Tutankhamun, liko hapo karibu. Nendeni, sijakataza. Mawe hayo yamekaa miaka elfu nne na mia tano, hayataondoka mkichelewa siku mbili.

Bado nasisitiza: mwenye mtu wake Kairo aanzie chumbani kwake, kisha Muski, kwa miguu. Anayenipinga aje mkutanoni Alhamisi, na safari hii nitaketi upande wa pili.