AKAUNTI MOJA KWA SHULE NZIMA HAIFAI



Wanafunzi wetu wapenzi, asubuhi mko shuleni na jioni mko madrasa, kwa hiyo yanayowapata kule yanatuhusu na sisi walimu wenu wa huku. Mwaka huu tunatoa rai yetu juu ya desturi ya kuwapa wanafunzi wote akaunti moja na neno la siri moja katika kompyuta za shule.

Hoja inayotolewa ni kwamba kompyuta ni chache, hivyo akaunti moja inatosha. Sisi tunaona kinyume chake. Kompyuta zikiwa chache, mwanafunzi hukaa leo kwenye hii, kesho kwenye ile. Kazi yake ya muhula mzima imebaki kwenye mashine ambayo sasa anaitumia mwenzake, naye anaweza kuifuta au kuinakili na kuiita yake. Ikipotea, hajulikani wa kuulizwa, maana wote wameingia kwa jina moja. Hata asiye na kosa hushukiwa.

Hapa Nandagala somo tunalo mlangoni. Msimu wa korosho mkulima hatupi magunia yake kwenye ghala la chama cha msingi akaondoka. Hupimiwa, kilo zake huandikwa kwa jina lake, naye hupewa stakabadhi. Ghala ni la wote, lakini haki ya kila mmoja inajulikana. Mfumo huo wa stakabadhi ghalani uliwekewa sheria mwaka 2005.

Katika kompyuta, ghala hilo huitwa seva: kompyuta moja inayotunza mafaili ya wote, nyingine zikiunganishwa nayo kwa waya. Kila mwanafunzi hupewa jina lake, neno lake la siri na folda yake. Akikaa kwenye mashine yoyote huikuta kazi yake. Intaneti haihitajiki, na programu ya kazi hiyo, kama Samba, hupatikana bure.

Yapo masharti. Kila folda iwekewe kikomo, kwani filamu za wachache hujaza diski ya wote. Mafaili yabaki kwenye seva. Yakihamishwa yote kila mtu anapoingia, kipindi kitakwisha watu wakisubiri. Nakala ya pili itunzwe nje ya chumba hicho. Na seva iwe na betri ya akiba, ili umeme ukikatika izimwe taratibu.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba akaunti ya mtoto peke yake ni pazia la kufichia mabaya. Kwa hakika pazia ni ile ya wote. Aliyeingia kwa jina lake ni rahisi kumfuatilia, na akisahau neno la siri, mwalimu msimamizi humwekea jipya.

Nanyi wanafunzi, mmefundishwa kubisha hodi. Akaunti ya mwenzako ni nyumba yake. Kuiingia bila idhini ni kuvunja amana, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalihesabu jambo hilo kuwa kosa. Funga akaunti yako kabla hujanyanyuka, na neno lako la siri usimpe hata rafiki.

Wazazi, mkiitwa kwenye kikao cha shule ulizeni: kazi ya mtoto wangu inatunzwa wapi, na kwa jina la nani?

Wabillahi tawfiq.