Tusilipe fedha kwa kichwa cha kiboko

Tangu mafuriko makubwa ya mwaka 2020, wakazi wa Gatumba na wa mitaa ya Bujumbura iliyo kando ya Ziwa Tanganyika wamekuwa wakiishi na viboko karibu na milango yao. Maji yalipopanda, wanyama nao walipanda. Mto Rusizi una mamba, na watoto wanaochota maji humo wanajua hatari yake. Upande wa Cankuzo, Muyinga na Ruyigi, jirani na hifadhi ya Ruvubu, kilio ni cha nyati, nyani na nguruwe pori wanaoharibu mazao.

Kwa sababu hiyo yapo maneno yanayosikika sokoni na mipakani: serikali itangaze zawadi. Anayeleta kichwa cha kiboko, ngozi ya mamba au mkia wa nyani apewe faranga zake, na tatizo litakwisha.

Naielewa hasira hiyo. Mtu aliyekaa miaka mingi Mtabila au Nyarugusu, akarudi kwao na chakula cha miezi michache tu, akalima shamba lake la kwanza, kisha akaamka asubuhi na kukuta mahindi yamelala chini, huwezi kumwambia habari za uzuri wa maumbile. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hata hivyo napinga wazo la zawadi, na nitaeleza sababu zangu.

Kwanza, jambo hili limejaribiwa kwingine. Nchini Marekani, jimbo la Utah lilipitisha sheria mwaka 2012 ya kulipa dola 50 kwa kila koyoti anayeuawa. Koyoti ni mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na bweha wetu. Lengo lilikuwa kuwalinda kulungu wa huko ili waongezeke, wapatikane pia kwa wawindaji wa michezo. Lakini katika jimbo jirani la Idaho, watafiti walikuwa wamejaribu kuwapunguza koyoti kwa miaka kadhaa, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba idadi ya kulungu haikubadilika sana. Majira ya baridi na malisho vilikuwa na nguvu kuliko bunduki. Koyoti mwenyewe amewindwa kwa zawadi tangu enzi za mababu wa Wamarekani wa leo, na badala ya kwisha ameenea karibu bara zima la Amerika Kaskazini. Wakiuawa wengi, waliobaki hupata chakula zaidi na kuzaa zaidi.

Pili, na hapa nawaomba wafanyabiashara wa mpakani wanisikilize kwa makini, bidhaa hufuata bei. Nani asiyejua kwamba sukari au mafuta yakipanda bei upande mmoja wa mpaka, usiku huohuo mizigo huanza kuvuka? Zawadi nayo ni bei. Bujumbura ikitangaza fedha kwa kichwa cha kiboko, vichwa vitakuja kutoka Uvira kwa njia ya Gatumba, na kutoka Tanzania kwa njia ya Kobero na Mugina. Hazina ya Burundi italipia wanyama ambao hawajawahi kukanyaga shamba la Mrundi. Huko Marekani watu walibeba masikio ya wanyama kutoka wilaya yenye malipo madogo na kuyapeleka kwenye malipo makubwa. Mwaka 1902, Wafaransa waliotawala Hanoi walilipa kwa kila mkia wa panya. Watu wakakata mikia na kuwaachia panya wakazae, na wengine wakawafuga.

Isitoshe, meno ya kiboko ni mali inayouzwa kama pembe za ndovu, na Burundi ni mwanachama wa mkataba wa CITES unaosimamia biashara hiyo. Siku serikali itakapohalalisha uuaji kwa zawadi, magendo ya meno yatapata mwavuli. Atakayekamatwa nayo mpakani hatakuwa tajiri aliyeyaagiza. Atakuwa mama mwenye gunia la ndizi ambaye amewekewa mzigo wa mtu mwingine.

Tatu, mwindaji wa zawadi huua mnyama aliye rahisi kumpata. Mnyama mwenye hatia hamhusu. Wengi tunamkumbuka mamba aliyepewa jina la Gustave, aliyetisha watu wa Rusizi na mwambao wa ziwa. Mfaransa Patrice Faye alimtegea mtego mkubwa wa chuma, filamu ikaonyeshwa mwaka 2004, na mamba hakunaswa. Je, kijana mwenye mkuki na hamu ya faranga angemfuata mamba wa namna hiyo? Angeua wadogo kumi walio ukingoni, akalipwa, na muuaji angebaki majini.

Nne, ukimwondoa mmoja unamwita mwingine. Nchini Ghana, kumbukumbu za hifadhi za wanyama kuanzia mwaka 1968 hadi 2004 zilionyesha kwamba simba na chui walipopungua, nyani waliongezeka, na wakulima ndio walioumia. Sisi simba wetu tumekwisha kuwapoteza. Tusishangae nyani wakitawala mashamba.

Wapo wanaosema kwamba zawadi itafungua mlango wa uwindaji wa kitalii, kama ule wa Tanzania. Hapo mambo mawili yanachanganywa. Katika uwindaji wa kitalii mwindaji huilipa serikali. Katika zawadi serikali humlipa mwindaji. Waliokaa Kibondo wanalifahamu pori la akiba la Moyowosi, ambako wageni hulipia kibali, kitalu na kila mnyama. Biashara hiyo inataka wanyama wawepo na wahesabiwe. Uganda ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1979, na ilipoujaribu tena mwaka 2001 jirani na Ziwa Mburo, ilianza kwa eneo dogo na wenyeji wakapewa sehemu ya mapato. Kenya iliufunga mwaka 1977 na kuchagua watalii wa kutazama. Kila nchi ilichagua njia yake, lakini hakuna inayoweza kulipa watu wamalize wanyama huku ikiwauzia wageni vibali vya kuwawinda. Ruvubu ina hekta zipatazo 50,000 tu, na vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwapunguza sana wanyama wake. Tukiweka zawadi leo, kesho hatutakuwa na cha kumwonyesha mtalii wala cha kumuuzia mwindaji.

Basi tufanye nini? Fedha ambazo zingelipia vichwa zilipe hasara. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inatambua malipo kwa wanaoathirika, na waliorudi kutoka huko wanayajua kwa majina yake: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa, lakini malipo yakachelewa miaka. Somo ni kwamba tuweke kiasi kidogo kinacholipwa haraka kwenye tarafa, kuliko kikubwa cha kwenye karatasi.

Pili, mnyama aliyethibitika kuua aondolewe na askari wa hifadhi waliofunzwa, chini ya OBPE, kwa amri iliyoandikwa. Sisemi kiboko ni mtakatifu. Nasema bunduki iwe na mwenyewe anayejulikana.

Tatu, watu wapelekewe mabomba ya maji ili mtoto asishuke mtoni jioni. Na sheria ya maji ya mwaka 2012, inayotaka mita 150 kando ya ziwa ziachwe wazi, isimamiwe kwa maskini na kwa mwenye jumba la ghorofa vilevile. Kiboko hutoka majini usiku kutafuta majani. Akikuta ukuta, atapita uani kwa mtu.

Tahadhari kabla ya hatari. Mrundi aliyerudi nyumbani anastahili kuvuna alichopanda, na anastahili kulipwa pale ambapo mali ya taifa imemla mazao. Hilo ni deni la serikali kwake, na halilipwi kwa kumtuma akalete kichwa.