Pimeni Amplifaya Ikiwa Imechemka

Mtu anayetaka amplifaya ndogo ya nyumbani, ile ya ukubwa wa kitabu inayokaa kwenye rafu na kuendesha spika mbili, siku hizi huonyeshwa orodha. Juu kabisa ipo yenye desibeli nyingi, chini yake yenye desibeli pungufu kidogo, na kuendelea hivyo hadi mkiani. Huambiwa achukue ya juu kadiri mfuko unavyoruhusu. Nyuma ya orodha hiyo kuna imani ambayo sasa watu wanaichukulia kama sheria: amplifaya iliyopimwa vizuri ndiyo iliyotengenezwa vizuri. Naipinga imani hiyo. Inawala watu fedha, inawaunguzia spika, na inawazoesha watengenezaji kuhangaikia mahali pasipo na shida na kupapuuza penye shida.

Kipimo chenyewe kinaitwa SINAD. Mpimaji huingiza mlio mmoja safi wa hezi 1,000, huiacha amplifaya itoe wati 5 kwenye rezista ya omu 4, kisha hupima kila kitu kilichotoka ambacho hakikuwemo katika mlio ule: mvumo, mchakacho wa chinichini, na upotofu wa wimbi. Amplifaya ya desibeli 90 ina uchafu wa takriban asilimia 0.003. Ya desibeli 110 ina takriban asilimia 0.0003. Hesabu hizi ni sahihi, na sina ugomvi na wanaozifanya.

Ugomvi wangu ni na maana tunayozipa. Chukua mtu anayesikiliza kwa sauti ya desibeli 85, ambayo ndani ya sebule ni kubwa. Uchafu ulio desibeli 90 chini ya sauti hiyo unaangukia chini ya sifuri, wakati chumba kilichotulia usiku, feni imezimwa na madirisha yamefungwa, bado kina desibeli kama 30 zake. Hakuna sikio la kuufikia. Juu ya hayo, spika zenyewe, hata za bei kubwa, hupotosha besi kwa sehemu ya asilimia, na ukipandisha sauti hupita asilimia 1 bila taabu. Kutoka desibeli 90 kwenda 110 ni kusafisha kitu ambacho spika itakichafua mamia ya mara kabla hakijakufikia. Watu wanalipa karibu maradufu kwa safari hiyo.

Vipimo vimefanya kazi njema, na lazima isemwe. Amplifaya nyingi za daraja D, aina inayotumika kwenye hizi ndogo, za miaka iliyopita zilikuwa zinabadilisha sauti za juu kulingana na spika uliyozifungia: kwa spika hii zinachoma, kwa spika ile zinafifia. Wapimaji waliichora kasoro hiyo kwenye grafu hadi ikawa haifichiki, na watengenezaji wakaanza kuchukua mrejesho baada ya kichujio cha kutokea badala ya kabla yake. Kasoro ile ilikuwa inasikika. Kipimo kilipogusa kitu kinachosikika, kila mnunuzi alinufaika. Ila baada ya ushindi huo mbio hazikusimama, na sasa zinakimbizwa kwa tarakimu za nne baada ya nukta.

Fungua kifuniko uone ambacho mbio hizo hazigusi. Ndani ya kisanduku kile kuna kapasita za elektroliti, vile vikopo vidogo vyenye majimaji ndani. Kila kimoja kina umri wake uliotajwa na mtengenezaji wake, kwa mfano saa 2,000 kwenye nyuzi 105. Kanuni ya mafundi na wahandisi ni kwamba kila ukipunguza joto kwa nyuzi 10, umri huo huongezeka maradufu. Kapasita hiyo ikikaa kwenye nyuzi 75 itafika kama saa 16,000. Zinaonekana nyingi, lakini amplifaya isiyozimwa huzimaliza kabla ya kutimiza miaka miwili, na watu wengi hawazizimi hizi ndogo. Kapasita ya saa 5,000, kwenye joto lilelile, huenda zaidi ya miaka minne. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni senti chache za dola.

Sasa zipime amplifaya mbili zenye kapasita hizo siku ya kwanza. SINAD ni ileile. Mtengenezaji aliyeweka kapasita nzuri hakupata hata desibeli moja ya kumpandisha kwenye orodha, na aliyeweka ya bei ya chini hakushuka hata nafasi moja. Vivyo hivyo kwa rilei, kile kiswichi kinachokata njia ya spika pindi amplifaya inapoharibika. Transista za kutokea zikifa huku zimeshikana, mkondo mnyoofu huenda moja kwa moja kwenye spika na kuichoma koili. Rilei ndiyo inayoiokoa spika. Ukiiondoa, hupotezi desibeli yoyote, na unapunguza gharama. Bamba la alumini la kupoza, lehemu iliyokamata sawasawa, soketi ya adapta isiyolegea, matundu ya hewa: vyote hivi mpimaji wa dakika ishirini havioni, maana amepima amplifaya moja, mpya, juu ya meza, katika chumba chenye kiyoyozi. Waswahili walishasema zamani, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwetu pwani mambo haya yana uzito wa pekee. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili huwa na nyuzi 32 kabla hujawasha chochote. Unyevu na chumvi ya bahari hula miguu ya vifaa. Umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na kinachopokea kishindo hicho kwanza ni adapta, kifaa ambacho orodha za desibeli hazikitaji kabisa. Mafundi wa redio wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Amplifaya inayoletwa mezani kwao haiji kwa sababu ya asilimia 0.003. Inakuja na kapasita iliyovimba, soketi iliyoachia, au adapta iliyokufa.

Na tukiwa kwenye adapta, tusisahau wati. Tulishachezewa na PMPO, maelfu ya wati yaliyoandikwa kwenye sabufa zenye waya mwembamba kama uzi. Mchezo haujaisha, umebadilisha nguo. Makasha mengi ya amplifaya ndogo yameandikwa wati 300 kwa kila upande, kwa kuwa chipu iliyomo, TPA3255 ya Texas Instruments, inaweza kufika huko ikipewa zaidi ya volti 50 na upotofu ukiachwa upande hadi asilimia 10. Ndani ya kasha hilohilo kuna adapta ya volti 32 na ampea 5. Zidisha: wati 160, kwa pande zote mbili, kabla hata ya kutoa zinazopotea kama joto. Wati 600 zitatoka wapi? Chipu yenyewe ni nzuri, ina kinga ya joto na ya mkondo uliozidi. Tatizo ni kila kilichowekwa kuizunguka.

Linganisha na NAD 3020 ya mwaka 1978, kazi ya mhandisi Erik Edvardsen. Ilitangazwa kwa wati 20 tu kila upande. Ukiiweka kwenye orodha za leo itaangukia chini kabisa, na kijana anayesoma orodha hizo ataiona taka. Lakini ziliuzwa zaidi ya milioni moja, na nyingi bado zinapiga muziki, kwa sababu vifaa vyake vimesimama kimoja kimoja juu ya bodi, na fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kubadilisha kilichokufa na kuacha kilicho hai. Sisemi tuzirudie za zamani. Chipu za leo hazipotezi umeme kama zile, na hilo ni jambo kubwa kwa anayelipia umeme. Nasema sifa iliyoiweka ile hai kwa zaidi ya miaka 40 haina safu kwenye orodha.

Wapo wanaojibu: vitu hivi ni rahisi siku hizi, kikifa nunua kingine. Rahisi kwa nani? Mtu aliyeagiza kutoka China akasubiri wiki kadhaa, akalipa ushuru, kisha akaunguziwa spika zenye bei mara tatu ya amplifaya, haoni urahisi huo. Dhamana aliyopewa inamtaka akirudishe kifaa kule kilikotoka, kwa nauli yake. Na mzoga unabaki kwetu, kwenye majalala yetu, risasi na plastiki pamoja.

Dawa ipo, na si ngeni. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilichoka na wati za uongo ikaweka kanuni: kabla ya kupimwa, amplifaya iendeshwe saa nzima kwa theluthi ya nguvu iliyotangazwa. Kwa amplifaya za wakati ule, hapo ndipo zilipochemka kuliko popote. Waliobana matumizi kwenye mabamba ya kupoza wakaumbuka. Baadaye theluthi ilipunguzwa ikawa sehemu ya nane, lakini wazo lilikuwa sahihi tangu mwanzo, nalo ni rahisi kulifuata. Wapimaji waliokwisha kununua mitambo yao waiwashe amplifaya saa moja, kifuniko kikiwa kimefungwa, katika chumba cha nyuzi 35, kwa adapta iliyokuja nayo kwenye kasha. Kisha wapime. Waandike joto la kapasita pembeni ya desibeli. Waseme kama rilei ya kulinda spika ipo au haipo, kapasita ni za saa ngapi, na kama mchoro wa saketi unapatikana kwa fundi. Muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa mtaa wa Luthuli, Nairobi, naye aulizwe hayohayo na kila anayeingia dukani, pamoja na swali la nani atakayeitengeneza ikiharibika mwakani.