Nalufenya na taa ya buluu: mwanga nao una kipimo chake

UKITAJA Nalufenya mbele ya Mganda anayefuatilia habari, kwanza atafikiria polisi. Kituo kile cha Jinja kilijulikana kwa mateso ya mahabusu hadi Aprili 2018, pale Inspekta Jenerali Okoth Ochola alipokiondolea kazi ya kushikilia watuhumiwa wa kesi kubwa. Lakini kwa kina mama wa Busoga, wanaotoka Kamuli, Iganga, Mayuge na Buyende, Nalufenya ni hospitali. Ndipo ilipo sehemu ya watoto ya Hospitali ya Rufaa ya Jinja. Nataka kuizungumzia Nalufenya hiyo ya pili, na nitaifikia kwa kupitia kwenye biashara ya urembo.

Siku hizi kuna matangazo mengi ya barakoa zenye vitaa vya LED, vya buluu na vyekundu. Unavaa usoni dakika kadhaa, unaahidiwa kwamba chunusi zitakauka na ngozi itanawiri. Si uongo mtupu. Mwanga wa buluu wa nanomita 415 hivi huua bakteria wa chunusi, na mwekundu husaidia kupunguza uvimbe. Kasoro ni kwamba matangazo hayo hayakuandikwa kwa ajili ya ngozi kama yetu. Mwaka 2014 watafiti wa Nice, Ufaransa, walichapisha matokeo ya kuwamulika watu kwa rangi hizo mbili. Ule wa buluu uliacha weusi uliodumu hata miezi mitatu. Mwekundu haukuacha kitu. Na hao walikuwa watu wa ngozi ya kati tu, si weusi. Kwa hiyo dada wa Kampala anayenunua taa ya buluu ili afute madoa anaweza kujiongezea mengine, na wauza mkorogo watampokea kwa mikono miwili.

Sasa sogeza buluu hiyo kidogo tu, ifike kati ya nanomita 460 na 490. Hapo haishughulikii tena urembo. Ni dawa ya mtoto mchanga ambaye ngozi yake imegeuka manjano.

Umanjano huu si ile homa ya manjano inayoletwa na mbu, ingawa wengi huvichanganya. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, na ini la mtoto mchanga halijawa na nguvu ya kuitoa yote. Takriban watoto 6 kati ya 10 waliozaliwa kwa wakati hupata umanjano wiki ya kwanza, na wengi hupona wenyewe. Kwa wachache bilirubini hupanda hadi kuingia kwenye ubongo. Mtoto huyo asipokufa anaweza kubaki kiziwi, au mwenye viungo visivyomtii maisha yake yote. Mwanga wa buluu hupenya ngozi na kuibadili bilirubini umbo, ikaweza kutoka kwa choo na mkojo.

Jambo hili liligunduliwa na muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, Sista Jean Ward aliyekuwa na desturi ya kuwatoa watoto juani aliona kwamba ngozi iliyopigwa na jua imepoteza umanjano, na iliyofunikwa bado ni ya manjano. Daktari Richard Cremer na wenzake wakatengeneza taa na kuchapisha matokeo mwaka 1958.

Bibi zetu nao huwaota watoto jua la asubuhi kibarazani, na sitawacheka. Ila jua la kibarazani huja na miale inayounguza na joto linalokausha mtoto, na hakuna ajuaye amepata mwanga kiasi gani. Utafiti wa Lagos uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba jua linaweza kufanya kazi sawa na taa, lakini lilikuwa limechujwa kwa karatasi maalumu, mtoto akiwa chini yake kwa saa nyingi huku wauguzi wakimpima joto.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa, na hapa tena rangi yetu inatudanganya: ngozi nyeusi huficha umanjano. Mama anasifiwa kwamba mtoto wake ni mweupe, kumbe damu imechafuka. Mtazame mchana, kwenye weupe wa macho, ufizi na nyayo. Umanjano ukionekana kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na nguo zilizohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo asivalishwe kabisa. Katika nchi za malaria kama Busoga wapo watoto wengi waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na dawa hiyo huvunja damu yao kwa kasi.

Akishafika wodini, taa kuwaka peke yake haitoshi. Madaktari wa watoto wa Marekani waliweka mwaka 2004 kiwango cha tiba kali: angalau mikrowati 30 kwa sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Taa za mirija za zamani hufifia huku jicho likiziona bado zinang'aa. Za LED hudumu maelfu mengi ya saa, hutoa joto dogo, na hula umeme kidogo kiasi cha kuendeshwa kwa betri umeme ukikatika, jambo ambalo hutokea hata Jinja, jirani na bwawa lililozinduliwa mwaka 1954. Lakini nazo zikiinuliwa mbali na mtoto, au zikijaa vumbi, au mtoto akiachwa na nguo, ni pambo la buluu tu.

Wafadhili hupenda kukabidhi taa mbele ya kamera. Kifaa cha kupimia mwanga na vitendanishi vya kupimia bilirubini havipendezi pichani. Bajeti itakaposomwa Juni, hivyo viwili ndivyo nitakavyovitafuta katika fungu la hospitali za rufaa.