MGANGA NA DAFTARI

Vijana wetu walio katika vyuo vikuu wanauliza swali ambalo wazee wao hawakupata kuliuliza. Je, yafaa mtu mmoja asomee udaktari na biashara pamoja? Huko Marekani jambo hili si geni. Vyuo vikuu vingi vya nchi ile humruhusu mwanafunzi wa udaktari kuongeza kama mwaka mmoja, naye akatoka na shahada mbili, ya kuganga na ya kuendesha biashara. Karibu na kwetu, Chuo Kikuu cha Strathmore mjini Nairobi kinafundisha shahada ya pili ya biashara kwa ajili ya uendeshaji wa huduma za afya. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Mzumbe, kilichofanywa mwaka 1972 kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kinafundisha uendeshaji wa mifumo ya afya. Basi swali hili limekwisha fika mlangoni petu.

Wako wanaolipokea kwa furaha, na wako wanaolikunjia uso. Sisi twapenda kulijibu, lakini hatutalijibu tukiwa tumekaa Dar es Salaam. Twawaomba wasomaji wetu tufuatane hadi Basotu.

Basotu ni kata ya Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Wanakaa huko Wabarabaig, ambao ng'ombe ndiyo maisha yao, na Wairaqw, wakulima na wafugaji, pamoja na wananchi wengine waliohamia. Upande wa pili, katika Wilaya ya Mbulu, iko Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway, ambayo hadi leo ni kimbilio la watu wa pande zile. Lakini maradhi hayaanzii hospitali kubwa. Homa ya mtoto, uchungu wa mama mja mzito na kidonda cha mchungaji huanzia kijijini, na mlango wa kwanza ni zahanati.

Hebu tumwangalie mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji katika nchi kama ile. Asubuhi anatibu. Mchana anahesabu. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 Serikali imekuwa ikipeleka fedha za afya moja kwa moja katika akaunti za vituo, badala ya kuziacha zote makao makuu ya wilaya. Jambo hilo ni jema, kwa maana limewapa wananchi mamlaka juu ya zahanati yao kwa njia ya kamati waliyoichagua. Lakini pamoja na fedha ilikuja kazi. Mganga hana budi kutunga mpango wa mwaka, kuandika mapato na matumizi, kuagiza dawa Bohari ya Dawa, na kujaza madai ya bima. Dai likikosa sahihi au likiandikwa vibaya hukataliwa, na zahanati hubaki imetibu bila kulipwa. Na kazi hii haipungui. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 yataka kila mwananchi awe na bima, maana yake ni kwamba senti nyingi za zahanati zitapita katika karatasi hizo.

Mganga huyu alifundishwa kuyatambua malaria, kushona jeraha na kumzalisha mama. Je, alifundishwa leja? Mara nyingi aliipata mezani siku aliyoripoti kazini, akajifunza kwa kubahatisha.

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya makarani. Mama akijifungua na damu ikakataa kukatika, iko dawa ya kumwokoa, nayo yataka kutunzwa penye baridi. Kama aliyeagiza dawa hakupiga hesabu ya matumizi ya miezi iliyopita, dawa imekwisha. Kama hakutenga fedha za gesi au umeme wa jokofu, dawa ipo lakini nguvu yake imekufa. Mkunga atasimama pale na ujuzi wake wote, mikono mitupu. Mama yule ataponzwa na hesabu iliyokosewa miezi mitatu nyuma. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zahanati hata uhai hupotea hivyo hivyo.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili: elimu ya hesabu na uendeshaji ni sehemu ya uganga. Anayewadharau wanaoisoma hajapata kuona kabati la dawa likiwa tupu.

Lakini hatuwapuuzi wale wanaokunja uso. Wanaogopa daktari atageuka mchuuzi, nao wana sababu. Taifa letu lilitangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka 1977 sheria ikazuia hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Mwaka 1991 mlango huo ulifunguliwa tena, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za Serikali. Tangu hapo mgonjwa wa Tanzania anafahamu kwamba ugonjwa una bei. Akisikia daktari anasomea biashara, yu haki kuuliza: biashara hiyo ni ya nani, na faida ataipata nani?

Watu wa Basotu wanalijua swali hilo kuliko sisi. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Canada, shirika letu la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang, karibu ekari 100,000 kwa jumla, na Basotu ikiwa mojawapo. Waliokuja walikuwa wataalamu kweli. Walijua mbegu, trekta na gharama ya kila ekari, na ngano ilipatikana. Lakini katika daftari lao haikuwako safu ya malisho bora ambayo Wabarabaig waliyatumia kwa zamu kwa kufuata majira ya mwaka. Haikuwako safu ya njia za kwenda majini, wala ya makaburi ya wazee, ambayo Wabarabaig walilalamika kwamba yalipitiwa na majembe. Wananchi walikwenda mpaka mahakamani kudai ardhi yao, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikalipa shirika ushindi. Shirika lile lilikuwa la umma, kwa hiyo hatuna wa kumlaumu ila sisi wenyewe. Kosa halikuwa kupiga hesabu. Kosa lilikuwa kupiga hesabu nusu na kuiita kamili.

Hilo ndilo onyo letu kwa vyuo vikuu. Daktari atakayefundishwa kuhesabu mapato tu, akiletewa daftari la zahanati ya kijijini, ataiona hasara tupu. Wagonjwa wake ni maskini, njia ni ndefu, watoto, wazee na wajawazito wanatibiwa bure. Atashauri ifungwe, na kwa hesabu yake atakuwa sahihi. Lakini aliyefundishwa hesabu kamili ataandika pia ng'ombe aliyeuzwa ili mgonjwa apelekwe mbali, mwezi wa kulima uliopotea, na watoto waliobaki bila mama. Huyo ataona kwamba zahanati ile ndiyo mali kuu ya kijiji.

Basi, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, elimu hii isingoje shahada. Ianzie katika vyuo vya matabibu na wauguzi, kwa kuwa hao ndio wanaoshika leja huko vijijini. Wafundishwe kuagiza dawa kwa hesabu, kujaza madai ya bima, na kuisomea kamati mapato na matumizi kwa lugha ambayo mzee asiye na shule ataielewa. Pili, madaktari watakaosomea fani zote mbili wawe wachache, maana udaktari wenyewe hapa kwetu ni miaka mitano na mmoja wa mazoezi, na nchi haina madaktari wa kuwapoteza maofisini. Tatu, hao wachache wapelekwe kwanza wilayani, wakakae na kamati za zahanati, kabla hawajapewa kiti cha kuzunguka mjini.

Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulifundishwa mapema habari za wakili aliyeitwa kutoa hesabu ya mali isiyokuwa yake. Daktari ni wakili wa namna hiyo. Dawa si zake, fedha si zake, na uhai anaoushika mkononi si wake. Asome biashara, asome sana, lakini akumbuke siku zote nani mwenye mali. Mwenye mali ni yule mama wa Basotu anayengoja kwenye benchi la zahanati, na siku moja atamwomba daktari daftari lake.