Saa ya mizunguko katika kamionete ya zamani: kwanza maisha, kisha moteri

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Wengi kati yetu wamepata kamionete ya zamani. Inabeba makala, mifuko ya bunga, na siku ya Mungu inabeba jamaa nzima. Na wengi wanapenda kuongeza ndani yake ile saa inayoonyesha moteri inazunguka mara ngapi kwa dakika, ile mafundi wanayoita kontituru. Mimi si fundi wa motokari. Kazi yangu ni kumusaidia munganga kwenye dispansere. Kama ninaandika juu ya saa hii, ni kwa sababu wanaoumia wakati wa kuiweka wanaletwa kwetu.

Siku moja ya mvua, mama mumoja alituletea mutoto wake wa miaka kumi na mbili. Kichwa kilimuuma, alikuwa anatapika, miguu haina nguvu. Mama alisema: «Ni malaria.» Tulipima damu, hatukuona malaria. Baba naye alikuwa anashika kichwa. Ndipo tulipouliza: «Leo mulishinda wapi?» Walishinda ndani ya garaji, mulango umefungwa juu ya mvua, moteri inawaka, wanaangalia kama mushale wa saa mupya unapanda vizuri. Tuliwapa hewa ya oksijeni, wakapona. Kama wangekawia kutoka mule, sijui tungezungumza namna gani leo.

Ndugu, ujue adui huyu. Moshi wa moteri una hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, na damu haiwezi tena kubeba pumzi ya uzima. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika. Kisha mutu analala, na pengine haamuki. Moshi wa mazuti nao si rafiki: tangu mwaka 2012 shirika la dunia la uchunguzi wa kansa limeuandika kati ya vitu vinavyoleta kansa. Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi karibu na mashini za mazuti, je, moshi wa kazini haukutoshi? Mbona unautafuta tena nyumbani?

Je, saa yenyewe ni mbaya? Hapana. Inamusaidia shofere kubadilisha vitesi kwa wakati wake, na kuona kama moteri inazidishwa mbio pasipo sababu. Wakati wa kushuka mulima na muzigo, ukiacha moteri izuie motokari kwa kitesi kidogo, saa inakuonya mbele mizunguko haijapita kipimo. Hiyo ni faida ya kweli.

Lakini iwekwe sawasawa. Angalia mambo haya:

1. Kamionete itoke inje, mahali pa wazi, mbele ya kuwasha moteri. Kufungua mulango wa garaji peke yake haitoshi. Watoto wakae mbali.

2. Mbele ya kugusa waya, zima moteri na utoe waya wa bateri, ule wa upande wa kutoa (–) kwanza. Vua pete na saa ya mukono. Pete ikigusa chuma cha bateri na chuma cha motokari pamoja, inakuwa moto mara moja na kuchoma kidole mpaka ndani.

3. Waya unaoleta umeme kwa saa uwe na fizibu yake. Pale unapopita ndani ya tundu la chuma, weka mupira. Chuma kikikata ngozi ya waya, moto unaanza nyuma ya tablo, na wewe uko barabarani.

4. Moteri ikiwaka, usipeleke mukono wala mukono wa shati karibu na ventilateri. Waya munene wa buji una umeme wa volti maelfu mingi. Usiuguse.

Sasa jambo moja ambalo wengi hawajui. Kwa moteri ya esansi ya zamani, saa inahesabu umeme wa bobini, ule unaokwenda kwa buji. Saa nyingi zina kifungo cha kuchagua silinda 4, 6 ao 8. Moteri yako ikiwa ya silinda 4 na kifungo kimebaki kwa 8, saa itaonyesha nusu: moteri inalia mizunguko 4000, wewe unasoma 2000. Moteri ya mazuti haina buji za kuwasha moto. Inataka saa ya namna yake, inayosoma kwa alternateri ao kwa chombo kingine. Saa inayodanganya ni mbaya kupita kukosa saa, kwa sababu sikio lako linaacha kazi na kuamini mushale.

Ndiyo maana mawazo yangu ni haya, na najua wengine hawatapenda. Kama mufuko wako una pesa ya kitu kimoja tu, nunua freni na mipira ya magurudumu. Barabara ya Likasi mpaka Kolwezi imejaa makamio ya madini, na hakuna saa inayosimamisha motokari. Sijaona mugonjwa aliyeletwa kwa sababu kamionete yake ilikosa saa ya mizunguko. Walioletwa kwa sababu ya freni mbovu, nimewafunga vidonda kwa mikono yangu.

Wewe mama, ukisikia moteri inalia ndani ya garaji iliyofungwa, usiogope kugonga mulango. Hata bwana akikasirika, gonga! Na mutu akitoka mule na kichwa kinauma, usimupe dawa ya malaria na kumulaza. Mutoe penye hewa safi, umulete upesi, na utuambie alikuwa wapi.

Moteri ikiharibika inatengenezwa. Baba wa watoto hana pièce ya kubadilisha.