Ukiona Vyaelea: Usiku wa Penang na Haki ya Kukaa Mjini

Wasafiri wanaorejea kutoka George Town, mji wa bandari katika kisiwa cha Penang, Malaysia, huja na sifa moja: mji ule hauna haraka. Jua likizama, viti vya plastiki hutandazwa kando ya barabara, majiko huwashwa, na wazee hukaa vibarazani wakitazama wapita njia. Sifa hiyo ni ya kweli. Ninalolikataa ni hitimisho linaloambatana nayo, kwamba watu wa kule wamezaliwa wapole na wa kwetu wamezaliwa na vurugu. Utulivu wa mji hauzaliwi na mtu. Hutokana na sheria, kodi ya pango, leseni na maji ya bomba. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza kwamba kilichoundwa chaweza pia kubomolewa.

Tuanze na chakula, maana ndicho kinachouweka mji ule macho usiku. Katika barabara za Chulia na Kimberley, na kwenye kichochoro cha Lorong Baru, wachuuzi huuza char koay teow, yaani tambi pana za mchele zilizokaangwa kwa moto mkali, na asam laksa, mchuzi wa samaki uliokolezwa ukwaju. Kuna pia nasi kandar, wali wenye michuzi mingi, ambao jina lake lina historia ya jasho. Kandar ni mti wa kubebea mizigo begani, ule ambao sisi tunauita mzegazega. Wachuuzi Waislamu wenye asili ya Kusini mwa India waliutumia kubeba wali na mchuzi kuwauzia vibarua wa bandarini. Chakula cha kuli kimekuwa fahari ya jimbo zima.

Jambo la kuzingatia ni nafasi ya mchuuzi huyu katika utaratibu wa mji. Halmashauri humpa leseni, humwonyesha mahali na saa za kufanyia kazi, na imejenga viwanja vyenye paa, maji na mifereji kwa ajili ya wengi wa aina yake. Asiye na leseni husumbuliwa huko kama kwingineko. Lakini msingi wa fikra ni kwamba uchuzi ni kazi ya mjini, na kazi hupangiwa mahali. Mfanyakazi wa zamu anayetoka katika viwanda vya elektroniki vya Bayan Lepas, eneo lililofunguliwa mwaka 1972 baada ya Penang kupoteza hadhi yake ya bandari huru, hapati tu burudani kwenye kibanda kile. Anapata mlo anaoumudu.

Nguzo ya pili ni nyumba. Majengo ya mji mkongwe yana duka chini na makazi juu, na mbele yake kuna ujia wenye paa uitwao kaki lima, maana yake futi tano. Mswahili akiuona atakumbuka baraza. Majengo haya yalibaki na wakazi kwa sababu ya Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1966, iliyozilinda nyumba zilizojengwa kabla ya 1948 dhidi ya upandishaji holela wa kodi. Fundi majeneza, muuza ubani, mshona viatu na familia zao waliweza kukaa katikati ya mji kizazi baada ya kizazi. Uchangamfu wa usiku ulikuwa wao, kwa kuwa mlango wa nyumba ulikuwa hatua chache kutoka kwenye kibanda.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1997, na kinga yake ikakoma Januari 1, 2000. Kodi zilipanda na wapangaji wengi wakahama. Baadhi ya nyumba zilizobaki tupu ziligeuzwa mashamba ya mbayuwayu, ambao viota vyao huuzwa ghali kwa ajili ya supu. Madirisha yakazibwa, na sauti za ndege zilizorekodiwa zikachezwa pale palipokuwa na sauti za watoto. Mwaka 2008 UNESCO iliuorodhesha mji huo, pamoja na Melaka, kuwa Urithi wa Dunia. Eneo lake la kiini lina hekta 109 hivi. Thamani ya majengo ikaongezeka, hoteli ndogo na mikahawa ya kitalii ikafuata. Kuta zimekarabatiwa vizuri. Waliozipa maana wanaishi mbali, na wengine hurudi jioni kuuza chakula mahali walipokuwa wakilala.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Sheria ya 1966 iliwanyima wenye nyumba kipato cha haki, nao wakaacha paa zivuje na ngazi zioze. Si haki kumtaka mtu mmoja agharimie utulivu wa mji mzima. Nakubali. Lakini kuna njia nyingi kati ya kudhibiti kila kitu na kuachia kila kitu: kodi kupandishwa kwa hatua, ruzuku ya ukarabati kwa mwenye nyumba anayewabakiza wapangaji, na nyumba za umma ndani ya mji wenyewe. Kinga ilipokoma, mpango wa kutosha wa kuwabakiza wakazi haukuwapo.

Kwa nini? Jibu moja ni la kisiasa. Mwaka 1951 wakazi wa George Town walikuwa wa kwanza katika Malaya ya wakati huo kuchagua madiwani wao kwa kura. Chaguzi hizo zilisitishwa nchini kote mwaka 1965, na tangu hapo madiwani huteuliwa. Mpangaji aliyefukuzwa hakuwa na diwani wa kumnyima kura. Tazama basi hatua za baadaye: kuanzia mwaka 2016 jimbo liliwakataza wageni kuwa wapishi wa vyakula vya asili vibandani, kwa jina la kuulinda urithi. Ni rahisi kumkemea mpishi mhamiaji kuliko kuigusa kodi ya pango.

Sasa tujitazame. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ileile ya UNESCO mwaka 2000. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, na usiku hupendeza kwa moshi wa mishikaki na urojo. Swali ni nani anayelala nyuma ya Forodhani. Tukihesabu watalii na tusihesabu familia zinazohama, tutabaki na milango ya nakshi isiyofunguliwa na mwenyeji. Dar es Salaam nako, mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kwenye barabara nyingi na kuelekezwa maeneo maalumu. Kupanga mji ni wajibu wa serikali. Lakini mama lishe akipelekwa mbali na wateja wake, hajapangiwa mahali. Ameondolewa kwa lugha ya adabu.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, ombi langu ni dogo: kila mpango wa uhifadhi au usafi wa mji uandike, kabla ya ramani na bajeti, idadi ya wanaoishi na wanaochuuza mahali pale, na hatima ya kila mmoja. Kwa wanaharakati, msiishie kuwatetea wachuuzi mkawasahau wapangaji, kwa kuwa mara nyingi ni watu walewale. Kwa wanafunzi, mkisikia mji fulani ukisifiwa kwa utulivu wake, ulizeni kodi ya chumba kimoja ni kiasi gani, na nani aliipanga.